Hasara Ndogo Zisizodaiwa

Msomaji, ukiteremka kwa barabara itokayo Garissa, ipitayo Hola na kwenda Garsen hata Malindi, utaikata nchi ya Kinakomba. Mkono wako wa kushoto kuna mto Tana. Aghalabu huuoni mto wenyewe, ila utautambua kwa mstari wa miti mirefu ya kijani, na kwa miembe na migomba ya Wapokomo iliyo kandokando yake. Mkono wako wa kulia ni nyika, nchi ya malisho ya Waorma na Wawardei. Barabara imepita katikati, na mifugo hutaka maji. Kwa hiyo ng'ombe, mbuzi na ngamia huivuka kwenda mtoni na kuivuka tena kurudi malishoni. Dereva aliyezaliwa huku hujifunza kutazama vumbi kabla hajajifunza alama za barabarani, kwani palipo na vumbi pembeni pana kundi, na palipo na kundi hapakosi mbuzi mmoja mpumbavu.

Mbuzi wa namna hiyo ndiye aliyenifanya niandike insha hii. Mjomba wangu alikuwa na pikapu aliyoitumia kuchukulia maembe mpaka Malindi. Jioni moja, jua limekwisha kuzama na mwanga wa taa bado haujafaa kitu, mbuzi alimrukia mbele. Mbuzi akafa, taa ya kulia ikavunjika, bampa likapinda hata likagusa gurudumu. Mwenye mbuzi hakuwa mbali. Wakaitwa wazee wawili, mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wa wafugaji, wakakaa chini ya mwembe, wakamkadiria mbuzi. Mjomba akalipa, watu wakapeana mikono. Shauri lote halikupita muda wa kuchemsha chai. Asubuhi yake fundi wa Hola aliitazama gari akasema kuitengeneza ni shilingi 22,000.

Ndipo mjomba alipoitoa hati yake ya bima sandukuni. "Mpwa wangu," aliniambia, "miaka 3 nimewalipa watu hawa, nami sijala hata senti yao moja. Sasa ni zamu yangu."

Labda nawe umepata kuyasikia maneno hayo nyumbani kwenu. Yana ladha ya haki: mtu ametia fedha, basi na atoe. Lakini asemaye hivyo ameifananisha bima na akiba ya posta, au na kile chama cha akina mama ambamo kila mmoja hupokea fungu zamu yake ifikapo. Bima haikuanzishwa hivyo. Katika historia yake ndefu hasara ndogo zilitengwa kwa makusudi, tena kwa sababu zilizo wazi. Mambo hayo hatutayafahamu kwa kuitazama pikapu ya mjomba peke yake. Yatupasa kwanza twende baharini.

Neno lenyewe "bima" lilitujia kwa njia ya bahari. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja pwani yetu walikuwa nalo, na katika lugha yao lilitoka kwa Kiajemi, ambamo "bim" maana yake ni hofu. Basi tangu asili ni neno la mtu aogopaye. Aogopa nini? Tajiri aliyepakia mali yake yote katika chombo kimoja hakosi usingizi kwa ajili ya mtungi utakaovunjika njiani. Aogopa asubuhi ile atakapoambiwa kwamba chombo hakikufika.

Kabla ya bima kulikuwako desturi iliyo kongwe zaidi. Tufani ikivuma na chombo kikielemewa, nahodha huamuru shehena itoswe baharini ili chombo na roho za watu ziokoke. Je, mwenye mali iliyotoswa abebe hasara peke yake, na hali ni mali yake iliyookoa mali za wenzake? Watu wa kisiwa cha Rhodes, katika Bahari ya Mediterania, walikuwa na sheria kwamba hasara hiyo igawanywe kwa wote waliookoka, kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Warumi waliipokea sheria hiyo, ikaandikwa katika mkusanyo mkubwa wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533. Lakini angalia jambo moja. Hasara iliyogawanywa ni ile iliyofanywa kwa kusudi la kuwaokoa wote. Gunia lililolowa kwa kuvuja kwa chombo, au bidhaa iliyovunjika kwa mawimbi, ulikuwa msiba wa mwenyewe. Mabaharia wa Italia walikuwa na neno moja, "avaria", kwa hasara za namna zote mbili, na wataalamu wengi hulitoa neno hilo katika Kiarabu "awar", yaani kasoro katika mali. Nalitaja kwa kuwa nyakati nyingine tunadhani mambo ya bima ni ya Wazungu peke yao.

Hati ya bima iliyo kongwe kupita zote zijulikanazo iliandikwa Genoa, katika Italia, mwaka 1347. Kutoka huko ufundi huu ulienea katika bandari za Ulaya mpaka ukafika London, na huko ndiko kulikotokea jambo linalohusu moja kwa moja taa ya mjomba.

Katika London ya zamani watu wa meli walipenda kukutana mikahawani. Mmoja wa mikahawa hiyo ulikuwa wa mtu aitwaye Edward Lloyd, nao wajulikana kuwako tangu mwaka 1688. Mwenye meli alipeleka pale karatasi yenye jina la chombo, safari yake na shehena yake. Matajiri waliokuwa wakinywa kahawa waliisoma, na kila aliyekubali alitia sahihi yake chini ya maneno, pamoja na kiasi cha fedha atakachokilipa chombo kikizama. Mkahawa ulikwisha zamani, lakini mkutano ule ukawa soko kubwa la bima, nalo hata leo laitwa Lloyd's.

Basi matajiri hao walisumbuka. Chombo kuzama ni jambo la nadra. Lakini hakuna safari isiyokuwa na gunia moja la nafaka lililoota ukungu, au ngozi chache zilizooza. Kila meli ilipotia nanga wenye mali walikuja na madai madogo madogo. Kila dai lilitaka mtu wa kwenda bandarini, kukagua, kupima, kubishana na kuandika, na mara nyingi gharama ya kulichunguza ilipita hasara yenyewe. Zaidi ya hayo, nani awezaye kusema kama nafaka iliharibika kwa maji ya bahari au iliharibika kwa kuwa ni nafaka? Mwaka 1749 wakaongeza maneno machache chini ya hati yao. Mali zinazoharibika upesi kwa tabia yake, kama nafaka, samaki, chumvi na matunda, hazingelipiwa uharibifu wa sehemu, isipokuwa chombo kimekwama au hasara ni ile ya kugawanywa kwa wote. Sukari, tumbaku, katani na ngozi hazingelipiwa hasara iliyo chini ya asilimia 5. Mali nyingine zote, na meli yenyewe, hazingelipiwa hasara iliyo chini ya asilimia 3.

Maneno hayo yalikaa sana. Yalitiwa katika mfano wa hati uliofungwa pamoja na sheria ya bima ya bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, na hayakuondoka mpaka hati mpya zilipotungwa katika miaka ya 1980. Watu waliokuwa wakishindana kwa kila senti hawangeyavumilia maneno kwa zaidi ya miaka 200 kama yangekuwa hila tupu ya kuwapunja wenye mali. Wenye mali wenyewe walipata faida, kwani asiyedai gunia moja hulipa ada ndogo kwa kuilinda meli nzima.

Hata hivyo kanuni ile ya asilimia 3 ilikuwa na tundu, na wanafunzi wapendao hesabu wataliona upesi. Tuseme mali yako ni ya pauni 1,000. Asilimia 3 yake ni pauni 30. Ukipata hasara ya pauni 29 hupati kitu. Ukipata hasara ya pauni 30 wapata zote 30. Sasa fikiria mfanyabiashara aliyesimama bandarini na hasara ya pauni 29 mkononi, na maji ya bahari yako karibu, na hakuna amwonaye! Kanuni iliyokusudiwa kuzuia madai madogo ilikuwa ikiwafundisha watu kuyakuza. Dawa yake ni kumwachia mwenye mali fungu la kwanza la kila hasara, kubwa au ndogo, na kampuni ilipe linalozidi. Hapo hasara ya 29 na hasara ya 31 hutofautiana kidogo tu, na hakuna sababu ya kusema uongo. Njia hiyo ya pili ndiyo hati za magari zilizoifuata. Katika hati ya mjomba fungu lake lilikuwa shilingi 15,000. Lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, naye alikuwa hajapata kuufungua ukurasa wa pili.

Tukifika kwenye magari, mojawapo ya hati za kwanza ilitolewa mwaka 1898 na kampuni ya Travelers, kule Marekani, kwa daktari mmoja wa mji wa Buffalo aitwaye Truman Martin. Barabara za wakati huo zilijaa farasi, na dereva wa gari aliogopa zaidi kuwadhuru watu na farasi wao kuliko kuharibika kwa gari lake. Hofu hiyo ndiyo iliyozifanya serikali nazo ziingilie kati. Uingereza iliwalazimisha wenye magari kuwa na bima kwa sheria ya mwaka 1930. Na Kenya, iliyokuwa koloni, ilipata sheria ya namna hiyo katika miaka ya 1940. Sheria hiyo tungali nayo, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Usikose kuona yanayolazimishwa nayo: ni kifo na majeraha ya watu wengine waliodhuriwa na gari. Taa yako haimo, wala mbuzi wa jirani hamo. Mtu atakaye kujikinga na hasara za gari lake mwenyewe hununua bima iliyo pana zaidi kwa hiari yake, na maswali ya madai madogo huanzia hapo.

Kampuni za bima za magari zilirithi taabu ya wale wa mkahawani, kwa kuwa magari hukwaruzana kila siku. Fungu la mwenye gari peke yake halikuwatosha, wakabuni jambo la pili: dereva akimaliza mwaka bila kudai, ada yake ya mwaka ufuatao hupunguzwa, akidai, punguzo hupotea lote au sehemu. Katika nchi nyingine jambo hili limetiwa katika kanuni za serikali. Kwa mfano Ufaransa, kila mwaka usio na ajali ya kosa lako hupunguza ada kwa asilimia 5, na kila ajali ya kosa lako huiongeza kwa asilimia 25. Kwetu Kenya kila kampuni ina kipimo chake, na zipo zisizotoa punguzo hilo kabisa. Kwa hiyo hati ya mtu ndiyo mwalimu wake.

Mara punguzo lilipoanza, madereva walianza kuficha ajali ndogo na kuzilipa kutoka mifukoni mwao. Jambo hilo liliwavutia wanahisabati. Mbelgiji mmoja, Jean Lemaire, aliandika juu yake mwaka 1977 na kuliita kiu ya punguzo. Alionyesha kwamba kwa kila dereva, kwa kadiri ya ngazi aliyoifikia katika punguzo, kuna kiasi fulani cha hasara kiwezacho kuhesabiwa: hasara iliyo chini yake ni afadhali ailipe mwenyewe, na iliyo juu yake ni afadhali adai. Hesabu yake yenyewe ni ngumu, kwa sababu huangalia pia uwezekano wa dereva kupata ajali nyingine baadaye. Lakini mzizi wake waweza kuupata kwa kalamu na karatasi, nasi tulifanya hivyo usiku ule, mimi na mjomba, kwa taa ya chemli.

Ada kamili ya gari lake ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwaka. Punguzo lilikuwa asilimia 10 kwa kila mwaka usio na dai, lisizidi asilimia 50. Kwa miaka 3 alikuwa amefika asilimia 30. Asipodai, miaka 5 ijayo angelipa 24,000 mwaka wa kwanza, kisha 20,000 kila mwaka, jumla shilingi 104,000. Akidai, angerudi chini kabisa na kulipa 40,000, kisha 36,000, 32,000, 28,000 na 24,000, jumla shilingi 160,000; mwaka wa sita ndipo njia mbili zikutanapo. Tofauti ni shilingi 56,000. Na angepata nini kutoka kwa kampuni? Gharama ya fundi 22,000, toa fungu lake 15,000: shilingi 7,000. Mjomba aliitazama karatasi kwa kitambo, kisha akauliza kama nimeihesabu sawasawa. Nikaihesabu tena.

Kwa hati ile, basi, hasara yoyote isiyofika shilingi 71,000 isingemfaa kuidai, maana 15,000 ni fungu lake na 56,000 ni punguzo litakalopotea. Usichukue tarakimu hizo ukazifanya kanuni ya watu wote. Mtu anunuaye bima kwa mara ya kwanza, asiye na punguzo lolote, angepoteza 20,000 tu katika miaka hiyo 5, kwa hiyo mpaka wake ungekuwa shilingi 35,000. Na yule aliyefika asilimia 50, mpaka wake ungekuwa 75,000. Tena mtu akusudiaye kuliuza gari mwakani hana haja ya kuhesabu miaka 5, na mtu asiye na shilingi 22,000 nyumbani, na gari ndilo linalowalisha watoto wake, huenda akadai ijapokuwa hesabu yamkataza. Hesabu haijui njaa. Lakini ni vizuri ajue kwamba fedha ile ni kama mkopo, tena mkopo wa ghali.

Mjomba akamlipa fundi. Tuliona kwamba tumekuwa werevu, nami, mwalimu, nilijisifu moyoni. Nimekwambia mambo haya yote ili nikwambie hili linalofuata, maana hapa ndipo werevu wetu ulipotutia mashakani.

Miezi michache baadaye, karibu na Garsen, pikapu ilimgusa kijana aliyepanda baiskeli na kichane cha ndizi nyuma. Alianguka, akainuka mwenyewe, akajipangusa. Goti lilichubuka na mkono ulimwuma. Mjomba akampa fedha za dawa na za kutengeneza gurudumu, wakaagana kwa heri. Hakwenda polisi wala hakuiandikia kampuni. Kwa nini aandike? Tulikwisha jifunza kwamba hasara ndogo hazidaiwi! Baiskeli ilikuwa ya shilingi elfu chache, na mpaka wetu ulikuwa 71,000.

Mkono ule ulikuwa umevunjika ndani. Ulipona vibaya, na kijana hakuweza kulima. Baada ya miezi mitano ilikuja barua ya wakili. Mjomba aliichukua mbio mpaka kwa kampuni, nayo ikamjibu kwamba hati yake ilimtaka atoe habari za ajali mara moja, naye alikaa kimya miezi mitano. Hakuna aliyekagua gari, hakuna aliyeandika maneno ya mashahidi, na sasa haijulikani nani alikuwa upande gani wa barabara. Sheria yetu humlinda aliyeumia, isimwache mikono mitupu kwa kosa la mwenye gari. Lakini kampuni ikilipa kwa namna hiyo yaweza kumgeukia mwenye gari aliyevunja masharti na kumdai irudishiwe. Sitaieleza kesi yote, wala sitataja kampuni. Itoshe kusema kwamba maembe ya mwaka uliofuata yalikwenda Malindi kwa gari la mtu mwingine.

Tulikosa wapi? Hesabu ya usiku ule ilikuwa sahihi kwa taa na bampa, kwa sababu taa ikivunjika hasara yake yajulikana siku hiyo hiyo, na haiwezi kuamka kesho ikawa kubwa. Mwili wa mtu haukadiriwi na fundi. Anayesema "sijaumia" leo aweza kulala na kuamka hajiwezi, bila ya kuwa mwongo. Kwa hesabu za kawaida sheria ya Kenya humpa aliyedhurika miaka 3 ya kwenda mahakamani, na mtoto ambaye hajafikia umri wa mtu mzima hupewa muda zaidi. Muda wote huo hasara ambayo mjomba aliiona ndogo ilikuwa bado haijaonyesha ukubwa wake.

Tena tulichanganya mambo mawili ambayo wale wa mkahawani wasingeyachanganya. Kutoa habari ni jambo moja. Kudai fedha ni jambo jingine. Nahodha aliyefika bandarini alieleza tufani iliyompata hata kama hakuna tajiri atakayedai kitu, kwa kuwa hasara nyingine huonekana shehena ishushwapo. Dereva naye aweza kuiandikia kampuni yake kwamba siku fulani, mahali fulani, alimgusa mtu fulani, na kwamba kwa upande wa gari lake hadai kitu. Na kwa polisi hakuna hiari: sheria ya barabara yamtaka dereva asimame, atoe jina lake, na ajali iliyomdhuru mtu aiarifu kituoni mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 24. Mjomba alilijua hilo kama wajuavyo madereva wote. Alilisahau kwa sababu ya ile furaha ya kupeana mikono.

Nimefikiri mara nyingi juu ya wazee wale wawili chini ya mwembe. Kwa mbuzi walikuwa mahakimu kamili: mbuzi amekufa, thamani yake yajulikana, mwenyewe yupo, mashahidi wapo, shauri limekwisha. Kwetu Tana shauri la mifugo na mashamba si dogo. Wapokomo wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa, na Waorma wana lao liitwalo Matadeda, na mabaraza hayo yamezoea kukadiria mazao yaliyoliwa na mnyama aliyejeruhiwa. Palipokosekana masikilizano katika mambo ya namna hiyo, watu walipoteza maisha, kama ilivyotukia mwaka 2001 na tena mwaka 2012. Kwa hiyo simdharau mtu amalizaye shauri la mbuzi papo hapo. Nasema tu kwamba mezani pa wazee wale hakukuwa na mfupa uliovunjika ndani ya mkono.

Na kuhusu zile hasara kubwa ambazo bima ilitungwa kwa ajili yake, sisi wa Kinakomba hatuhitaji kusimuliwa habari za bahari. Mto Tana ulifurika mwaka 1961, ukafurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika tena mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, barabara zikakatika na nyumba zikazama. Gari lililofunikwa na maji hata paani haliulizi fungu la kwanza wala punguzo la miaka 5. Hapo ndipo mtu ageukapo kuitafuta hati yake. Na wengine ndipo wagunduapo kwamba mafuriko yalikuwa yametengwa kwa maneno ya ukurasa wa pili, kama vile nafaka ilivyotengwa mwaka 1749. Kujua kama mafuriko yamo au hayamo kwataka robo saa ya kusoma siku ya kununua.

Mjomba alinunua gari jingine baada ya miaka miwili, kuukuu kuliko lile la kwanza. Katika sanduku lake la mbele huweka daftari la shule, la kurasa 48, alilolipiga mstari katikati. Upande wa kushoto huandika vitu vilivyovunjika na bei ya fundi. Upande wa kulia huandika watu: tarehe, saa, mahali, jina la aliyeguswa, jina la aliyeona, nambari aliyopewa na polisi, na siku aliyoipelekea kampuni barua. Nililifungua likizo iliyopita. Upande wa kushoto mlikuwa na mistari 7: kioo cha pembeni, taa, mlango uliokwaruzwa na pembe ya ng'ombe, na vingine vya namna hiyo, vyote amevilipa mwenyewe. Upande wa kulia mlikuwa na mstari mmoja, wa mwanamke mmoja aliyeteleza akishuka garini sokoni Hola. Pembeni yake mjomba ameandika kwa penseli, "Asema hajaumia," na chini yake, "Barua imekwenda."